Kiyoyozi Kimeacha Kupoza: Joto Limekwama Wapi?

Mada zinazohusika: usafirishaji wa joto, joto fichi, unyevunyevu wa hewa, umeme wa majumbani.

Mtahiniwa, anza kwa kuandika sentensi hii kwenye daftari lako: kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hakuna mashine inayotengeneza baridi, kwa sababu katika fizikia baridi ni upungufu wa joto tu. Kiyoyozi hulibeba joto lililomo chumbani na kwenda kulimwaga nje. Kwa kawaida joto huhama lenyewe kutoka mahali penye joto zaidi kwenda mahali penye joto pungufu. Mchana wa Februari mjini Dar es Salaam nje kuna digrii 32, nasi tunataka chumba kiwe na digrii 25. Maana yake tunalilazimisha joto lipande mlima, na kazi ya kulipandisha ndiyo inayokula uniti za luku.

Ukiishika sentensi hiyo, utajibu maswali mengi ya mada ya joto bila kukariri, na utaweza pia kusaidia nyumbani. Kiyoyozi kikiacha kupoza, watu wengi husema "gesi imeisha" na kumpigia fundi. Swali bora ni hili: joto limekwama wapi njiani? Tutalifuata joto hatua kwa hatua, na kila hatua ina hitilafu zake. Mtihani wa Fizikia utauandika kwa Kiingereza, najua, lakini ukilielewa jambo kwa Kiswahili, kulieleza kwa Kiingereza ni kazi ndogo.

SAFARI YA JOTO

Kiyoyozi cha kawaida majumbani kina vipande viwili. Kimoja hufungwa ukutani ndani ya chumba, kingine huwekwa nje. Vimeunganishwa kwa mabomba mawili ya shaba, moja nene na moja jembamba. Ndani ya mabomba hayo huzunguka kitu ambacho mafundi hukiita gesi, ingawa sehemu fulani ya safari yake huwa kimiminika.

Kumbuka kanuni ya kuchemka: kanieneo ikipungua, kiwango cha kuchemka hushuka, kanieneo ikiongezeka, kiwango hupanda. Ndiyo sababu maji kwenye kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye digrii 80 hivi, wakati pwani huchemka kwenye digrii 100. Gesi ya kiyoyozi ni kitu kinachochemka kirahisi mno. Aina inayoitwa R-410A, kwa mfano, katika kanieneo ya kawaida ya hewa huchemka kwenye digrii 51 chini ya sifuri.

Sasa fuata mzunguko. Katika koili ya ndani kanieneo hupangwa ili kimiminika kichemke kwenye digrii chache tu juu ya sifuri. Feni hupuliza hewa ya chumba yenye digrii 28 juu ya koili hiyo. Kimiminika huchemka, na ili kichemke ni lazima kipate joto fichi. Hulichukua kwenye hewa ya chumba. Hewa hurudi chumbani ikiwa imepoa. Mvuke uliobeba joto huenda nje hadi kwenye kompresa, ambayo huukandamiza. Kanieneo yake hupanda, halijoto yake nayo hupanda, na katika koili ya nje hufika zaidi ya digrii 45. Hapo hewa ya nje ya digrii 32, ambayo sisi tunaiona ni kali, kwa mvuke ule ni ya baridi. Joto hutoka lenyewe, mvuke hugeuka kuwa kimiminika, na joto fichi lote lililochukuliwa chumbani huachwa nje. Kimiminika hupita kwenye bomba jembamba sana liitwalo kapilari, kanieneo hushuka, na safari huanza upya.

Kuna jambo hapa linalowachanganya watahiniwa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kwa saa huondoa joto kwa kasi ya wati 3,500 hivi, lakini umeme kinaotumia unaweza kuwa wati 1,150 tu. Je, kanuni ya uhifadhi wa nishati imevunjwa? Hapana. Wati 3,500 hazijatengenezwa, zimehamishwa. Umeme wa wati 1,150 nao mwishoni hugeuka joto, na vyote viwili hutupwa nje: 3,500 + 1,150 = wati 4,650. Hii inakupa kipimo chako cha kwanza nyumbani, tena cha bure. Simama karibu na kipande cha nje wakati kiyoyozi kinafanya kazi, weka mkono mbele ya upepo wake bila kukaribia feni. Upepo ule uwe na joto zaidi ya hewa iliyo jirani. Kama feni inazunguka lakini upepo hauna tofauti na hewa ya kawaida, basi hakuna joto linalofika nje: kompresa haifanyi kazi, au gesi imevuja.

ANZA NA HEWA

Kabla ya kumwita mtu, zima breka ya kiyoyozi, fungua mfuniko wa mbele wa kipande cha ndani na uvute chujio. Katika nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, chujio huziba ndani ya wiki chache. Likiziba, hewa haiifikii koili, na bila hewa hakuna msafara wa joto. Lioshe kwa maji na sabuni kidogo, likaushe kivulini, lirudishe. Dakika 20 za kazi hii hutibu viyoyozi vingi kuliko mtungi wowote wa gesi.

Dalili ya hewa kuzuiwa wakati mwingine ni ya ajabu: barafu. Mtu huona barafu imejaa kwenye koili ya ndani na kushangaa kwamba kiyoyozi kinatengeneza barafu lakini chumba kina joto. Sababu ni kwamba gesi inachemka kwenye koili lakini haipati joto la kutosha kutoka hewani, hivyo koili hushuka chini ya digrii 0 na unyevu wa hewa huganda juu yake. Barafu ni kipitishi dhaifu cha joto. Kadiri inavyoongezeka, ndivyo inavyozidi kuziba njia, na hali huwa mbaya zaidi yenyewe. Usiikwangue kwa kisu, maana mabomba ya koili ni membamba. Zima kiyoyozi, iache iyeyuke kwa saa kadhaa, kisha shughulikia chujio. Kama barafu inarudi hata baada ya chujio kuwa safi, gesi pungufu nayo huleta dalili hiyo hiyo, na hapo ndipo fundi anahitajika.

Koili ya nje nayo huhitaji hewa. Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani Unguja na Pemba, upepo wa bahari hubeba chumvi ambayo hula mapezi ya alumini ya koili. Mapezi yaliyolika au kujaa vumbi hayatoi joto vizuri. Wengine huweka kipande cha nje ndani ya uchochoro mwembamba au kukijengea kizimba cha tofali kwa kuogopa wezi. Hapo hewa moto iliyotolewa huvutwa tena na feni ile ile, na badala ya hewa ya digrii 32 koili hupulizwa kwa hewa ya digrii 40 na kitu. Kumbuka kwamba joto huhama kwa kasi zaidi tofauti ya halijoto ikiwa kubwa. Tofauti ikipungua, kompresa hutumia umeme mwingi zaidi kufanya kazi ndogo zaidi. Kizimba cha nondo kinatosha kuwazuia wezi na hakizuii hewa.

MAJI YANAYODONDOKA NDANI

Watu wengi huogopa wakiona kiyoyozi kinadondosha maji. Maji yale hayatoki ndani ya mashine, yanatoka hewani. Hewa ya pwani ina mvuke mwingi, na ikigusa koili yenye digrii 10 hupoa chini ya kiwango chake cha umande, mvuke ukageuka matone. Ni jambo lile lile la chupa ya soda baridi kutoka jasho mezani. Matone hukusanywa kwenye trei na kutolewa nje kwa bomba dogo la plastiki. Bomba likizibwa na utelezi, vumbi au wadudu, trei hufurika na maji hushuka ukutani. Kwa hiyo maji kudondoka nje ni dalili njema. Maji kudondoka ndani ni bomba lililoziba, au kipande cha ndani kilichofungwa kikiwa kimeinamia upande usiofaa.

Uchunguzi huu unafaa kwa jaribio la nyumbani. Weka ndoo chini ya bomba la maji kwa saa moja, kisha pima. Tuseme umepata kilo 1.5. Joto fichi la mvuke wa maji ni J 2,260,000 kwa kilo, basi:

Joto lililoondolewa = 1.5 × 2,260,000 = J 3,390,000
Kwa sekunde 3,600: 3,390,000 ÷ 3,600 = wati 942

Kati ya wati 3,500 za kiyoyozi chetu, zaidi ya robo imetumika kukausha hewa tu, bila kushusha kipimajoto hata kidogo. Ndiyo sababu kiyoyozi hicho hicho hupoza haraka zaidi Dodoma, ambako hewa ni kavu, kuliko Dar es Salaam wakati wa masika. Na ndiyo sababu ukiacha dirisha wazi hata kidogo unakipa kazi isiyoisha. Kwa kweli kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, kilichobuniwa na Mmarekani Willis Carrier mwaka 1902, kiliagizwa na kiwanda cha uchapaji jijini New York kwa ajili ya kudhibiti unyevunyevu uliokuwa ukiharibu karatasi. Faraja ya watu ilikuja baadaye.

GESI HAIISHI

Sehemu hii isome mara mbili, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapopoteza fedha.

Neno "gesi" linatupotosha. Mtungi wa gesi ya kupikia huisha kwa sababu gesi yake huungua. Ikishawaka imekuwa kabonidioksidi na mvuke wa maji, hairudi. Gesi ya kiyoyozi haiungui. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikichemka na kugeuka kimiminika, ni ile ile leo na kesho, kama mnyororo wa baiskeli unavyozunguka bila kupungua. Kiyoyozi kizima kinaweza kufanya kazi miaka zaidi ya kumi na gesi ile ile kilichotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo kama gesi imepungua, imevuja, na tundu bado lipo. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka, nawe utamwita tena baada ya miezi michache na kulipa tena. Kuna familia imezoea kulipa hivyo kila mwaka, ikidhani ni kama kubadilisha oili ya gari.

Swali la kumuuliza fundi ni moja: "Imevuja wapi?" Kazi nzuri huwa na mpangilio unaoeleweka. Hutafuta mahali panapovuja, mara nyingi kwenye viungo vya mabomba, kwa kupaka povu la sabuni na kuangalia mapovu yanapojitokeza. Huziba au kuchomelea. Hujaza gesi ya nitrojeni kwa kanieneo kubwa ili kuhakikisha. Huvuta hewa na unyevu wote kwa pampu, kwa sababu maji yakibaki ndani hutengeneza asidi inayokula kompresa. Mwishowe huingiza gesi kwa kuipima kwa mizani, kiasi kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Nyumbani, kiasi hicho mara nyingi hakifiki kilo moja na nusu, hivyo kukosea kwa gramu mia mbili si jambo dogo.

Dalili za gesi pungufu unaweza kuzitambua mwenyewe. Bomba nene linalotoka ndani linapaswa kuwa la baridi na lenye jasho. Kama si la baridi, na bomba jembamba limeshika barafu karibu na kipande cha nje, gesi huenda imepungua. Thibitisha kwa kipimajoto: kiyoyozi kikishafanya kazi dakika 15, pima hewa inayoingia juu ya kipande cha ndani na hewa inayotoka chini yake. Tofauti ya digrii 8 hadi 12 ni nzuri. Pwani wakati wa unyevunyevu mwingi tofauti inaweza kuwa ndogo kidogo bila ubovu wowote, na hesabu ya ndoo hapo juu imekwisha kukuonyesha kwa nini.

Uvujaji huu hauumizi mfuko peke yake. Gesi ya zamani, R-22, ina klorini inayoharibu tabaka la ozoni, na inaondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. R-410A haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikitoka angani hupasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 ya kilo moja ya kabonidioksidi katika kipindi cha miaka 100. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwaka 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za kundi hilo. Viyoyozi vingi vipya hutumia R-32, yenye madhara pungufu lakini inayoweza kuwaka, kwa hiyo si ya kuchezewa karibu na moto.

UMEME

Kama kiyoyozi hakiwaki kabisa, anza na mambo ya aibu: betri za rimoti, swichi ya ukutani, breka. Ukikizima na kukiwasha papo hapo, kompresa itasubiri dakika tatu hivi. Hilo si tatizo. Inasubiri kanieneo ya pande mbili ilingane, kwa sababu kuanza kusukuma dhidi ya kanieneo kubwa kungeilemea mota. Breka ikikatika mara moja, irudishe mara moja. Ikikatika tena, iache hivyo na mwite fundi; breka inayokatika inakuambia kuna mkondo mkubwa unaopita mahali fulani, na kuweka breka kubwa zaidi ni kukaribisha moto kwenye nyaya.

Umeme mdogo ni adui wa kimya. Hapa pana mtego wa mtihani. Chukua pasi ya wati 1,150 kwenye volti 230: mkondo ni 1,150 ÷ 230 = ampea 5, na ukinzani ni 230 ÷ 5 = omu 46. Volti zikishuka hadi 180, pasi itavuta 180 ÷ 46 = ampea 3.9. Mkondo umepungua, pasi imepoa kidogo tu. Kompresa ni tofauti, kwa kuwa ina mota yenye mzigo ule ule wa kusukuma. Tukichukulia kwamba bado inahitaji wati 1,150, itavuta 1,150 ÷ 180 = ampea 6.4. Joto linalozalishwa kwenye waya hutegemea mraba wa mkondo, yaani (6.4 ÷ 5)² = 1.6 hivi. Waya za mota zinapata joto mara 1.6 ya kawaida, na baada ya muda kihami chake huungua. Mtahiniwa anayeandika "volti zikishuka mkondo hushuka" bila kutaja ni kifaa gani amejibu nusu ya swali. Nyumbani dawa ni stebilaiza inayolingana na kiyoyozi, au kukizima jioni ambapo taa zinafifia.

Kama kompresa inanguruma tu bila kuanza, mara nyingi kapasita yake imekufa. Ni kifaa cha bei ndogo na fundi hukibadilisha upesi. Wewe usikiguse. Kapasita huhifadhi chaji hata baada ya umeme kukatwa, na inaweza kukupiga wakati kila kitu kimezimwa. Kanuni ya usalama ni rahisi: chujio na kuosha mfuniko ni kazi yako baada ya kuzima breka, kinachofungwa kwa skrubu na chenye waya au gesi ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Kama kazi hiyo inakuvutia, vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na fizikia unayosoma sasa ndiyo msingi wake.

Kuhusu kuweka rimoti kwenye digrii 16 ili chumba kipoe haraka: kwa kiyoyozi cha kawaida haisaidii. Kompresa yake huwa inazunguka kwa nguvu ile ile au imezimika. Digrii 16 hukifanya kisizimike tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kiyoyozi cha wati 1,150 hufanya kazi saa 8 kila siku kwa siku 30. Kama uniti moja ni shilingi 350, tafuta gharama ya mwezi.

2. Mwanafunzi amefungua mlango wa jokofu ili apoze jikoni, na amefunga madirisha yote. Eleza, kwa kutumia kanuni ya uhifadhi wa nishati, kitakachotokea kwa halijoto ya jikoni.

3. Eleza kwa nini barafu kwenye koili ya ndani inapunguza upozaji wa chumba.

4. Kiyoyozi kimoja huko Kigamboni kina chujio safi na koili safi. Volti ni 228, feni zote zinazunguka, kompresa inafanya kazi. Tofauti ya halijoto kati ya hewa inayoingia na inayotoka ni digrii 3, na bomba jembamba limeshika barafu karibu na kipande cha nje. Fundi amefika na mtungi na anataka kuongeza gesi mara moja. (a) Taja hitilafu inayoelekea kuwepo. (b) Andika swali ambalo mwenye nyumba amuulize kabla ya kulipa, na utoe sababu ya kisayansi.

Majibu ya kusahihishia: swali la 1, uniti 276, shilingi 96,600. Swali la 2, jikoni patazidi kupata joto, kwa kuwa joto lililotolewa ndani ya jokofu hurudishwa jikoni kupitia koili ya nyuma, likiongezewa nishati ya umeme wa kompresa. Swali la 3 na la 4, rudi kwenye sehemu za "Anza na hewa" na "Gesi haiishi", kisha linganisha jibu lako na la mwenzako.